Swala Aliyoikata Bibi Rumaisa

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu wao na sisi tutakapowafuata, ya kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemeni, aliishi mwanamke mchamungu aliyeitwa Bibi Rumaisa. Mumewe, Shuaibu bin Masudi, alikuwa mtia nili, fundi wa kuchovya vitambaa katika rangi ya buluu, na nyumba yao ilikuwa na ua mpana wenye mitungi mikubwa ya rangi iliyofukiwa nusu ardhini, kamba za kuanikia vitambaa, na kisima upande wa ukuta. Rumaisa alichovya vitambaa pamoja na mumewe tangu ujana wake, hata viganja vyake vikashika buluu isiyotoka kwa maji wala kwa mchanga. Akiinua mikono kuomba dua katika safu za wanawake, watu waliijua mikono ile kutoka mbali.

Lakini sifa yake kubwa mjini ilikuwa swala. Akishafunga takbira, ulimwengu kwake umekwisha. Walisema siku moja nge alimpanda mguuni akiwa katika kisomo, naye asitikisike mpaka alipotoa salamu. Hilo la nge mimi nimelisikia tu, sikuwapo, ila wenye mji walikuwa wakiliapia. Kinamama waliwaambia mabinti zao, "Mtazameni Rumaisa. Hata paa lianguke, yule hakatizi swala." Wekeni jambo hili akilini, ndugu zangu, tutalirudia.

Hakujaaliwa mtoto. Aliomba, akafunga, akatoa sadaka, miaka ikapita. Mwisho akamwambia mumewe kwa kinywa chake mwenyewe, "Oa, Shuaibu. Nyumba hii inataka mtoto. Nami nitampokea mwenzangu kwa mikono miwili." Habari ikaenea mtaani, watu wakashika vinywa. "Yule si binadamu," walisema, "yule ni malaika." Rumaisa alizipokea sifa zile kwa kuinamisha kichwa, na ndani ya nafsi yake alizionja akaziona tamu. Tusimcheke. Nani kati yetu hapendi kusifiwa kwa jambo lile lile linalomuuma?

Mke mdogo aliitwa Hunaida, binti wa mfumaji kutoka bonde la juu, mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Alimwita Rumaisa dada, akamchotea maji, akajifunza kwake kuchovya na kukamua. Wakaishi vizuri, wallahi, vizuri kuliko walivyotarajia majirani waliokuwa wametega masikio.

Wivu haukuja siku ya harusi. Ulikuja asubuhi moja Hunaida alipogeuza uso kwa harufu ya samli. Rumaisa alijua palepale, hata mwenye mimba mwenyewe hajajua. Akasema Alhamdulillahi kwa ulimi, na Alhamdulillahi ile ikamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo hakumeza kitu kikashuka sawasawa.

Sasa hapa sina budi kuwaeleza desturi ya watu wale, maana bila hiyo hamtanielewa. Mwanamke akijifungua hupandishwa juu ya kitanda kirefu cha kamba, kirefu hata hupandwa kwa kigoda, kikatandikwa mito na mashuka ya kila rangi. Huko juu hukaa arubaini yake yote, kavishwa na kupambwa kama bibi harusi, na kila alasiri wanawake wa mji huja kumpongeza. Wageni huketi chini, wakimtazama kwa kuinua shingo. Na anayewahudumia ni mkubwa wa nyumba.

Kitanda kile kilikuwa cha Rumaisa. Mamake alimchongeshea alipoolewa, kwa ajili ya uzazi wake yeye. Kilikaa ghalani miaka yote ile kikisubiri, kimefunikwa gunia. Hunaida alipojifungua mtoto wa kiume, ni Rumaisa aliyekitoa, akakifuta vumbi, akakaza kamba zake kwa mikono yake ya buluu, akakitandika, akamshika mwenzake mkono akampandisha. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mwenyezi Mungu akulipe, Bibi Rumaisa! Moyo gani huu!" Naye akatabasamu, roho inamchoma, akaenda kuleta maji ya zabibu.

Mtoto akaitwa Yusri. Baada ya akika, Shuaibu alilazimika kusafiri na shehena ya vitambaa kwenda Adeni. Alisimama mlangoni, akamwambia mke mkubwa, "Nyumba na waliomo nakuachia wewe. Ni amana, Rumaisa."

"Nenda salama," akajibu. "Amana imefika mahali pake."

Basi zikaanza zile alasiri. Rumaisa akipita chini na sinia, na kule juu amekaa Hunaida katika kitanda ambacho kwa haki kingekuwa chake, na mtoto ambaye kwa haki angekuwa wake, akipongezwa kwa maneno ambayo yeye aliyasubiri mpaka nywele zikaingia mvi. Na lililomuudhi kupita yote ni kwamba huyu aliyepewa vyote hakufurahi! Hunaida alikaa na macho makavu, akitazama dirishani. Mtoto akilia, alimwangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Chakula akikirudisha kama kilivyokwenda. Kile kicheko cha barabarani kilikuwa kimezimika kabisa.

Wageni nao hawakukosa la kusema. Mmoja alinong'ona kuwa ni jini. Mwingine akasema ni deko la wasichana wa siku hizi. Wa tatu, mwenye sauti ya kupenya ukuta, akasema, "Imani ndogo, hiyo. Mwenye kumjua Mola wake hanuni siku ya neema." Hunaida aliyasikia yote, maana kitanda kile kilikuwa kirefu lakini hakikuwa mbali. Alivuta mtandio usoni.

Siku moja wageni walipoondoka, Rumaisa hakujizuia. "Hunaida," alisema akiokota vikombe, "hivi unajua wenzio tunavyoombea hicho ulichonacho? Shukuru basi, hata kwa uso tu!"

Hunaida akamtazama kutoka kule juu. "Kweli, dada. Mtoto huyu alistahili kupewa wewe. Kwangu amepotea njia."

Neno lile lilitoka kwenye shimo la huzuni, lakini Rumaisa alilisikia kama kejeli. Ndivyo wivu ulivyo, ndugu zangu. Unakaa sikioni, na kila linaloingia unaligeuza. Akatoka na vikombe vyake, na usiku kucha neno lile likamla maini.

Alikuwapo pale mjini mama mmoja aliyeitwa Bibi Thuwaiba, mkunga na mwosha maiti, mikono yake ndiyo iliyowapokea watu wa Zabidi wakija na kuwaaga wakienda. Kila asubuhi alikuja kumkanda Hunaida kwa mafuta ya ufuta, taratibu, miguu na mgongo, akimsemesha kwa sauti ya chini. Rumaisa alisimama mlangoni akitazama, na hata mafuta yale akayaonea wivu. Mikono yangu imepasuka kwa nili miaka yote hii, alisema moyoni, nani aliyewahi kuikanda?

"Mwanangu, unalala?" Bibi Thuwaiba aliuliza.

"Ninalala, mama," alijibu Hunaida, na kila mtu chumbani alijua halali.

Akiondoka, bibi yule alimshika Rumaisa mkono. "Usimwache peke yake. Sipendi macho yale."

"Anadeka tu, mama. Wewe unamkanda, ndiyo maana."

Bibi Thuwaiba alimkazia macho. "Usimwache, mwanangu," akarudia tu, akaenda zake.

Ikafika siku ambayo kisa hiki kimesimuliwa kwa ajili yake. Ilikuwa kabla ya adhuhuri, vibarua wa mitungi wamekwenda msikitini, ua umetulia na jua kali. Rumaisa aliingia kumchukua mtoto ili akamlaze chumbani kwake, kama alivyozoea. Akamkuta Hunaida amevua vikuku vya fedha vya mahari yake, amevishika mkononi.

"Vaa wewe, dada. Mimi vinanilemea."

"Vyako hivi. Vya mahari."

"Nimekupa kwa moyo safi." Akamvisha mwenyewe. Kisha akamgusa mtoto kichwani kwa kidole kimoja, kama mtu anayeogopa kuungua. "Kwako analala. Nimeona. Utampenda, siyo? Hata kama mimi simo?"

"Maneno gani hayo?" akasema Rumaisa.

"Nauliza tu."

"Nitampenda," akasema Rumaisa, akatoka na mtoto.

Waja wema, alielewa. Msimtafutie udhuru, kwa sababu yeye mwenyewe hakujitafutia. Palepale mlangoni alijua kabisa mtu anayegawa vikuku vyake na kuusia juu ya mwanawe anakwenda wapi. Alielewa, akajifanya hakuelewa. Maana nyuma ya hofu yake ilikuja sauti nyingine, laini, ikamwambia: Mtoto huyu atakuwa wako. Kitanda kitarudi ghalani. Na wewe hujafanya kitu, Rumaisa. Hujamgusa mtu.

Akamlaza Yusri, akatia udhu, na adhana ya adhuhuri ilipolia akatandika msala. Akakimbilia swala, na safari hii alikimbilia kujificha. Alipoinua mikono kufunga takbira, vikuku vikalia. Akasoma. Akarukuu, vikalia. Akainuka, vikalia. Miaka yote ile hakuna kilichowahi kumgutusha katika swala, na sasa fedha kidogo mkononi ilimjaa masikioni hata asijisikie kisomo chake.

Alikuwa katika sijida, paji la uso liko chini, aliposikia kifuniko cha kisima kinaburutwa. Ubao juu ya jiwe, anaijua sauti ile kama anavyoijua sauti ya mumewe. Na nyumba ile maji yalichotwa asubuhi, hakuna aliyechota saa zile.

Ile sauti laini ikamjia hata pale sijidani, Mola atukinge. Ikamwambia: Maliza swala yako. Nani atakulaumu? Wewe hukukatiza hata kwa nge. Watu watasema alikuwa anaswali, maskini, hakusikia.

Hapo ndipo Rumaisa alipojiona alivyo. Aliona anamtumia Mola wake kama pazia. Paji lake la uso liko chini na moyo wake unasubiri mlio wa maji. Akapiga ukelele, "Ya Rabbi, siwezi!" akainuka bila kukaa, bila tahiyatu, bila salamu, akaikata swala katikati na kukimbia kichwa wazi, msala umemnasa mguuni akauburuta mpaka uani.

Hunaida alikuwa ameketi ukingoni mwa kisima, mgongo umeelekea nyumba. Rumaisa hakumpigia kelele. Alitembea polepole ule mwisho wa njia, akaketi kando yake pale pale jiweni, akamzungushia mkono kiunoni akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Wakakaa hivyo.

Halafu Rumaisa akauliza, bila kuzunguka, "Mdogo wangu, unataka kufa?"

Hunaida akashtuka kwa kuulizwa. Wote walikuwa wamemwambia ashukuru, ale, atabasamu, hakuna aliyemuuliza. Akaanza kulia, kilio cha kwanza tangu ajifungue. "Ndiyo, dada. Sitaki kutaka, lakini nataka. Sijui nimekuwaje. Namwangalia mwanangu, najua ni wangu, najua nampenda, na siusikii upendo. Chakula kinywani majivu. Nasema atapona akiwa kwako, atapata mama mzima. Mimi nimeharibika. Hata swala sina. Niko nifasini, damu ya uzazi haijakatika, siruhusiwi kuswali; nikikosa usingizi sina hata pa kuinamisha kichwa."

"Hujaharibika," alisema Rumaisa. "Unaumwa." Kisha akavua vikuku, akavirudisha mkononi mwa mwenzake. "Aliyeharibika ni mimi. Nisikilize. Nilijua hivi punde kuwa ulikuwa unaniaga, nikanyamaza. Nilikuonea wivu, Hunaida. Tangu siku ile ya samli. Nilikaa katika swala nikikusubiri ufe."

Hunaida alimgeukia, machozi yanamtiririka, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Wivu? Mimi? Kwa lipi, dada?"

"Mtoto. Na kile kitanda."

"Kile kitanda!" Alitoa sauti ambayo nusu yake ilikuwa kicheko, na Rumaisa alisema baadaye kuwa hajapata kusikia sauti iliyomuuma zaidi. "Dada yangu, panda ukakae wewe. Panda uone. Kutoka kule juu dirisha halionyeshi kitu ila kisima hiki. Kutwa nzima nakitazama, na wageni wananiambia nicheke."

Rumaisa akamwinua, akamrudisha ndani kamshika kama mtoto anayeanza kutembea, wala hakumwachia hata alipoita jirani kupitia ukutani ili Bibi Thuwaiba aletwe mbio.

Bibi yule alipokuja alikuta wamekaa sakafuni wote wawili, Yusri katikati yao. Akaambiwa yote, Rumaisa hakuficha hata la kwake. Bibi Thuwaiba hakumlaani wala hakumsifu. Alivua mtandio wake, akakaa nao chini.

"Nilikuwa na dada," alisema. "Akiitwa Lubaba. Naye lilimpata giza kama hili, si baada ya uzazi, lilimjia tu mwaka mmoja wa mavuno mema. Tulimwambia aswali zaidi, naye alikuwa akiswali. Tulimwambia ashukuru, naye alikuwa akishukuru, machozi yakimtoka. Tulimwambia mambo mengi sana. Hatukumwambia: tunakaa hapa, hatuondoki. Siku moja tukamkuta amekwisha kujitoa uhai."

Hunaida alifunika uso.

"Watu walisema amekufa hana imani," Bibi Thuwaiba akaendelea. "Waoshaji wakasitasita. Nikamwosha mimi, ndiyo maiti yangu ya kwanza, na tangu siku ile sikuiacha kazi hii. Mwili wake ulikuwa kama wa mtu yeyote niliyemwosha baadaye aliyeliwa na homa. Jambo lenyewe ni zito, Mola amelikataza, na sitakwambia vinginevyo. Lakini mizani ya dada yangu anayo aliyemuumba, hakunikabidhi mimi wala wale waliosimama mbali. Anajua alivyopigana mpaka akachoka. Na wewe mwanangu, usidhani umefukuzwa mlangoni. Wapo watukufu kuliko sisi waliotamani mauti saa ya uchungu wao, na Mola wao hakuwakemea; aliwaletea maji na chakula."

Kisha akakunja mikono ya nguo. "Haya. Kazi."

Kwanza kitanda. Wakakishusha kile kitanda cha fahari, wakakitoa, wakamtandikia Hunaida godoro chini upande wa pili wa nyumba, dirisha linapotazama mkomamanga. Kisima kikafunikwa na kufungwa kwa mnyororo. Mlango wa mbele ukafungwa kwa wageni. Na Rumaisa akapewa kazi iliyokuwa ngumu kuliko swala za usiku: kukaa. Si kuhubiri, si kusahihisha, kukaa tu. Kulala mkeka mmoja na mwenzake, kumlisha vijiko vichache, kumpokea mtoto ili mama apate usingizi, na mama akiamka kumrudishia mtoto wake. "Kumrudishia, umesikia?" Bibi Thuwaiba alisema. "Kila mara. Hapo ndipo dawa yako wewe ilipo."

Lahaula! Mji ulivyochachamaa! Wanawake walikuja alasiri ile na vyetezo vyao, wakamkuta Rumaisa kizingitini akiwarudisha. Hakusema kwa nini. Siri ile haikuwa yake. Wakaenda wakisemezana njiani, na yule mwenye sauti ya kupenya ukuta akatamka wazi, "Si niliwaambia? Wivu umemzidi. Kamshusha mwenzake kitandani kamlaza chini kama mjakazi, na sasa kamfungia ndani." Habari ikazagaa sokoni. Malaika wao amegeuka jini.

Oneni maajabu. Alipokuwa akiungua kwa wivu, walimpigia vigelegele. Siku alipoanza kupambana nao, ndipo wakamwita mwenye wivu. Naye, mwanamke aliyeishi kwa sifa za watu kama samaki anavyoishi majini, aliyasikia yote kupitia ukuta wa ua na asijibu. Alikuwa amelipata neno la kujitetea, neno moja tu, na neno lile lingemvua Hunaida nguo mbele ya mji mzima. Akalimeza. Safari hii likashuka.

Wala msidhani mambo yalinyooka kwa siku moja. Giza lile lilikuwa likirudi. Kulikuwa na asubuhi Hunaida alipoketi na kuomba uji kwa kinywa chake, wakafurahi, na kesho yake akageukia ukuta tena. Rumaisa akajifunza kutomwambia "Jana ulikuwa mzima, leo nini?" Akajifunza kumuuliza kila alipoona macho yale yamerudi, "Limekuja lile wazo?" na Hunaida akajifunza kujibu kweli: "Limekuja, dada. Shika mkono wangu." Na alishika mpaka likapita.

Wivu nao haukufa, nisiwadanganye. Siku Yusri alipocheka kwa mara ya kwanza, alimchekea mamake, si yeye aliyemwogesha. Rumaisa alitoka nje akaenda kusimama kwenye mitungi ya nili, akalia kwa uchungu kabisa. Kisha akaosha uso, akarudi, akasema, "Hunaida, nimekuonea wivu sasa hivi, nimetoka kwenda kulia."

"Njoo ukae hapa," alisema Hunaida, akampisha godoroni. "Atakuchekea na wewe. Ana meno gani ya kubania kicheko?" Na kicheko kikamtoka, kile cha zamani, kidogo tu, hakikufika barabarani. Rumaisa alikitambua, akasahau kulia.

Shuaibu aliporejea kutoka Adeni, mji ulimpokea njiani na habari zake. Akaingia nyumbani uso umemkunjamana. Rumaisa akamsimulia, na Hunaida amemruhusu. Akamweleza ya mwenzake, kisha ya kwake mwenyewe: vikuku, sijida, kifuniko cha kisima. "Uliniachia amana," alisema, "nikakaribia kuila."

Shuaibu akasema, "Kukaribia umekiri mwenyewe. Ninachokiona mimi ni amana yangu, ipo, inapumua." Akamchukua mwanawe, akalia. Kisha akaenda kuketi kando ya Hunaida.

Imepokewa kwamba Hunaida aliishi mpaka akawaona wajukuu, na kwamba miaka mingine lile giza lilimtembelea tena, na kila lilipokuja lilimkuta hayuko peke yake. Kile kitanda kirefu walikikata miguu, wakawa wanalala juu yake watoto.

Rumaisa alipozeeka, wasichana wa mji walimjia kutafuta elimu. Wakati huo watu walikuwa wamekwishamrudishia sifa zake, ila yeye alikuwa hana tena pa kuziweka. Siku moja mmoja wao akamuuliza, "Bibi, katika ibada zako zote, hizi swala ndefu, huu usiku kucha, ni ipi unayoitegemea zaidi mbele ya Mola wako?"

Akaitazama mikono yake ya buluu. "Adhuhuri moja sikuimaliza," alisema.

"Lakini uliilipa?"

"Niliilipa jioni ile ile, Hunaida akiwa amelala begani mwangu. Niliyoilipa ni deni tu, mwanangu. Ninayoitegemea ni ile niliyoikata."

Enyi mnaonisikiliza, labda yuko mtu wa kwenu hivi sasa anayegawa vikuku vyake, na ninyi mmeshughulika na mema yenu. Inukeni. Mwulizeni, mkae naye. Na ikiwa ni wewe uliyeketi pale ukingoni, sema. Mwite mtu, yeyote, mwambie kweli ilivyo, hujafukuzwa mlangoni. Mola amrehemu Bibi Rumaisa, na Hunaida, na Bibi Thuwaiba, na Lubaba dada yake.